Mpira wa watoto: Ni malezi au bahati nasibu?

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wazazi siku hizi, mijini na hata huku kwetu Kyela, ni hizi timu za mpira za watoto. Mzazi anachangishwa viatu, jezi na nauli. Mtoto anaondoka saa kumi jioni na kurudi giza limeingia. Swali ambalo wengi tunajiuliza kimoyomoyo ni hili: Je, familia inapata faida, au tunapoteza mali na muda? Nimeona nilijadili kwa kuanzia na yaliyonikuta mwenyewe, kwani nami ni mzazi niliyelipa, na nusura nilipe zaidi ya fedha.

Mwanangu wa pili alijiunga na timu ya vijana ya mtaani akiwa na miaka 14. Sikumzuia. Hadithi zinatueleza kuwa Mtume (s.a.w) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a), aliandaa mashindano ya farasi Madina, na aliwatia moyo watu wa kabila la Aslam waliposhindana kulenga mishale. Wataalamu wa afya nao hawako mbali na hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za mazoezi kila siku.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa heri. Kijana aliacha vijiwe, akalala mapema, akajifunza kufungwa bila kununa. Wenzake wengi ni Wakristo, na Ramadhani ilipoingia wao wenyewe ndio waliomwomba kocha apunguze mbio ili ndugu yao asizidiwe na kiu. Hilo lilinifurahisha sana. Ujirani mwema wa namna ile haununuliwi dukani.

Mwaka wa pili mambo yalibadilika. Mazoezi yalitoka siku mbili kwa wiki yakawa siku tano, na muda wake ndio ule ule wa madrasa. Alasiri ikawa inaswaliwa kwa kuchelewa, na Magharibi inamkuta njiani. Zikaja safari za Ipinda, Tukuyu, Matema, hadi Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100. Mpunga ulipoanza kukomaa, kazi ya kuamia ndege shambani ikabaki kwa dada yake peke yake.

Fedha za kakao zilipoingia, nililipa bila kuhesabu. Siku niliyoketi na kalamu niligundua kuwa kwa msimu mmoja nimetoa shilingi 210,000. Mke wangu alinitazama akasema: "Baba, binti alipoomba ada ya masomo ya ziada ulisema fedha hakuna. Hizi zimetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Haukupita mwezi, kiongozi mmoja wa timu akaja nyumbani na alichokiita habari njema. Kuna mashindano ya vijana wa chini ya miaka 15. Mwanangu alikuwa ametimiza 16, lakini mwili wake mdogo. "Mzee, tumpunguzie miaka miwili tu," aliniambia. "Cheti kitapatikana. Watakuwepo watu wa klabu kubwa kuangalia vipaji." Nitasema kweli: sikukataa palepale. Nilimwambia nitafikiri.

Usiku ule nilimfikiria Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyetoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akatwaa nao ubingwa wa Afrika 2015, kisha akapita Genk ya Ubelgiji hadi kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020. Nikajiuliza, kwa nini asiwe mwanangu?

Lakini nikakumbuka pia mwaka 2005, pale Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, ilipofuzu fainali za Afrika kisha ikaondolewa kwa kuchezesha kijana aliyezidi umri. Vijana waliosema kweli walikosa fainali pamoja na asiyestahili. Uongo wa cheti ulilibebesha aibu taifa zima. Na mimi, baba mtu, nilikuwa nahitaji usiku kucha kuamua kama nimfundishe mwanangu uongo huo! Asubuhi nilikataa. Kijana hakunisemesha kwa wiki mbili. Timu ilikwenda Mbeya bila yeye.

Ndugu msomaji, tupige hesabu pamoja. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Hata kila moja ikiwa na wachezaji 30, hizo ni nafasi 480, na nyingine wamezikalia wageni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Hata klabu zenyewe hazidumu kileleni. Jirani zetu Tukuyu Stars walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, lakini kwa miaka mingi sasa hawaonekani Ligi Kuu. Anayemlipia mtoto mpira akitarajia kurudishiwa fedha zake amenunua tiketi ya bahati nasibu.

Wenzetu wa Dar es Salaam na miji mingine wanaolipa ada kwenye vituo vya soka wajue pia kanuni za FIFA. Kwa kawaida mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Na fidia ya mafunzo inayotokana na uhamisho wa kimataifa hulipwa klabu zilizomlea, si baba wala mama. Kwa hiyo anayekuomba fedha ili ampeleke mtoto wako wa miaka 15 kucheza Ulaya, muulize maswali mengi kabla ya kufungua pochi.

Je, basi tuwazuie watoto? La hasha. Ninachosema ni kwamba mpira una thamani kwa familia ukihesabiwa kama malezi, nao unageuka hasara siku unapohesabiwa kama kitega uchumi. Kwa malezi, mambo haya yatazamwe.

Kwanza, ratiba ya sala, shule na madrasa ipangwe kabla ya ratiba ya mazoezi. Kocha akiombwa kwa adabu mara nyingi huelewa.

Pili, fedha ya michezo iwekewe kiwango, na isitoke katika haki ya mtoto mwingine. Binti naye ana haki ya kusoma, na ana haki ya kucheza katika mazingira ya stara.

Tatu, tuangalie hizi ligi za kugombea mbuzi. Mbuzi akitolewa na mfadhili asiyeshindana, hiyo ni zawadi. Akinunuliwa kwa viingilio vya timu zenyewe ili bingwa achukue, wanazuoni wengi huhesabu hiyo kuwa kamari. Tuwaulize masheikh wetu kabla ya kuchanga.

Nne, mzazi aende uwanjani. Mimi sikuwahi kwenda, na ndiyo maana mtu mwingine alidhani anaweza kupanga umri wa mwanangu.

Kijana sasa anachezea timu ya shule yake. Mazoezi ni siku mbili, na dada yake anasoma masomo ya ziada. Bado ananiambia huenda nilimkosesha bahati yake. Huenda ni kweli. Lakini cheti chake cha kuzaliwa kina tarehe aliyozaliwa, na nikimwambia aseme kweli, ninaweza kumtazama usoni.

Wabillahi tawfiq.