Hati za Kupeleka Mbaazi Ng'ambo

Wakulima wengi wa Babati hupanda mbaazi pamoja na mahindi, na mnunuzi wao mkubwa ni Bara Hindi. Mwaka 2017 serikali ya huko iliweka mpaka wa mbaazi za kuingia, na bei ikaanguka huku kwetu. Jambo hilo hatukuweza kulizuia. Bali hasara ya hati zisizopatana twaweza kuizuia. Yafaa basi kuzijua.

Kwanza, ankara: huonyesha mwuzaji, mnunuzi, uzito na bei.

Pili, cheti cha afya ya mimea: hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, mkaguzi akiisha kuona kwamba mbaazi hazina wadudu.

Tatu, cheti cha uasili: hushuhudia kwamba zao ni la Tanzania.

Nne, hati ya shehena: hutolewa na wenye meli.

Ankara ikisema magunia 400 na cheti 390, mzigo husimama bandarini, gharama huongezeka kila siku, na mwishowe mkulima hupunguziwa bei. Kwa hiyo kazi huanza kwenye mizani ya kijijini: pimeni sawasawa, mkaandike papo hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari.