Mtoto Akiungua: Ya Kufanya na Yasiyofanywa

Mwagia maji. Kabla ya kutafuta bodaboda, kabla ya kuuliza nani aliiacha sufuria pale chini, mwagia maji. Maji safi ya kawaida, ya bomba au ya mtungini, yatiririke juu ya palipoungua kwa dakika 20 kamili. Usiishie dakika mbili kwa sababu mtoto amenyamaza. Joto likishaingia kwenye ngozi huendelea kuunguza kwa ndani hata baada ya uji au chai kufutwa, na maji ndiyo yanayolitoa. Pasipo na bomba, ndoo ya lita 20 na jagi vinatosha: mwaga taratibu, kiasi cha lita moja kwa dakika. Hata mkichelewa, maji yanasaidia katika muda wa saa 3 tangu aungue. Sehemu nyingine ya mwili ibaki imefunikwa, hasa kwa mtoto mchanga, kwa kuwa aliyeungua hupoteza joto haraka. Akianza kutetemeka, acha.

Usiweke barafu. Hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokuwa na nafasi ya kupona inakufa.

Vua nguo zilizolowa maji ya moto mara moja, pamoja na bangili, shanga, hirizi na viatu. Mwili huvimba upesi, na bangili iliyobaki mkononi inaweza kuzuia damu isifike kwenye vidole. Nguo iliyogandana na ngozi usiing'oe, kata kuizunguka.

Usipake kitu chochote. Narudia: chochote. Si dawa ya meno, si yai bichi, si unga wa ngano, si samli, si majivu, si mkojo, si manyoya ya sungura, si dawa ya zambarau, wala unga wa kapsuli uliyoifungua na kuunyunyizia kidondani. Anayepaka haoni kinachofuata. Mtoto anafika wodini dawa ya meno imekauka, imekuwa gamba jeupe toka kidevuni hadi kifuani. Hatuwezi kupima kina cha jeraha tusiloliona, kwa hiyo gamba lazima litoke. Linaloweshwa, linasuguliwa, linatoka pamoja na ngozi ya malengelenge, huku mama amemshika mikono mwanawe. Maumivu hayo hayakuletwa na chai. Asali ina heshima yake katika kutibu vidonda, lakini zamu yake haiko katika saa ya kwanza jikoni. Na yai linaliwa, halipakwi: ngozi mpya hujengwa kwa protini, kwa hiyo katika wiki zinazofuata mpe mayai, maharage, dagaa na maziwa kuliko alivyozoea.

Usitumbue malengelenge.

Funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, iliyolazwa juu bila kukazwa, au kwa khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi. Pamba usitumie, nyuzi zake hunasa kidondani. Mpe dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake.

Pima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Kiganja chake pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Mtoto aliyeungua viganja 10, au mtu mzima aliyeungua viganja 15, huhitaji dripu, na kuchelewa kunaua. Lakini usingoje viganja vifike idadi hiyo. Uso, mikono, nyayo, sehemu za siri, maungio, au umeme wa ukubwa wowote: hospitali. Masizi puani na sauti iliyokwaruza: hospitali sasa hivi, maana koo linavimba.

Kumbuka saa aliyoungua, na uiseme ufikapo. Nusu ya maji ya dripu ya siku ya kwanza huingizwa katika saa 8 za mwanzo, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipopokelewa. Sema pia alichanjwa lini pepopunda.

Usitulizwe na jeraha lisilouma. Ngozi iliyopauka, kavu, ngumu kama ya ngoma imeungua hadi chini, na mishipa ya fahamu imekufa. Wala usitafute wekundu tu: vitabu vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na kwenye ngozi yetu wekundu waweza usionekane. Gusa uone joto na uvimbe.

Usimwache mwenye kifafa aliyeanguka motoni. Mtoe. Mate yake hayaambukizi, povu lake haliambukizi. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto katika jamii iliyoogopa kuwagusa wakati wa degedege. Hofu hiyo bado ipo, na bado inaua.

Usikimbilie lori la mafuta lililoanguka. Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na kulipuka huku watu wakichota. Usimfukize mtoto kwa sufuria ya mvuke chini ya blanketi. Usimimine mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.

Kidonda kikianza kupona, watu hulegea, na hapo ndipo ulemavu unapoingia. Mkao unaompa mgonjwa nafuu ndio unaomlemaza. Shingo imeungua? Ondoa mto. Kwapa limeungua? Mkono ulale umenyooshwa mbali na mwili. Vidole vifungwe kimoja kimoja, vikifungwa pamoja vitashikana. Goti lisikunjwe usiku kucha. Mazoezi yanauma, na mzazi anamhurumia mwanawe, lakini mzazi anayeyaacha leo atamleta baadaye apasuliwe ili kidevu kilichoshikana na kifua kiachane nacho. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla, kisha mnyooshe.

Nawe muuguzi, usimgombeze mama mbele ya wodi. Atakapounguliwa na mwingine atakaa nyumbani.

Kovu lipakwe mafuta yasiyo na harufu na lifunikwe juani. Likiwa la miaka mingi, kisha likafungua kidonda kisichofunga, usilitibu kwa kupaka mafuta mwaka mzima. Saratani huweza kuota katika kovu la moto. Nenda hospitali, kikatwe kipande, kipimwe.