Midomo imelegea, nirudije kwenye tarumbeta?

Swali: Nilipiga tarumbeta katika bendi ya usharika wetu wa KKKT. Sasa, baada ya miaka 15, nikipuliza dakika 5 tu midomo inakufa ganzi. Nianzie wapi?

Jibu: Kwanza osha mabomba kwa maji ya uvuguvugu, utie vali mafuta. Vidole vyako bado vinakumbuka. Kilicholegea ni misuli ya pembe za mdomo. Piga dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kila siku, si saa nzima Jumamosi. Shika noti ndefu za chini, polepole, na kila ukipiga pumzika muda uleule. Noti za juu zisubiri wiki kadhaa. Ukianza kukandamiza tarumbeta kwenye meno ili noti itoke, acha hadi kesho, hata jirani akiomba wimbo (ingawa majirani huomba kimya zaidi).