Hifadhi ya Pamoja ya Kumbukumbu za Wagonjwa: Misingi ya Kupanga Diski

Muuguzi wa zamu ya usiku anapofungua kumbukumbu za mgonjwa katika kompyuta, hutarajia kukuta yote yaliyoandikwa mchana: kundi la damu, mzio wa dawa, dozi ya mwisho ya insulini. Pale penye seva moja, seva hiyo ikizimika kumbukumbu zote hutoweka machoni. Kwa sababu hiyo, hospitali kubwa huunganisha seva mbili au zaidi ziendeshe hifadhidata moja. Mfano mmojawapo ni mfumo wa Oracle RAC, uliotolewa mwaka 2001. Makala haya yanaeleza jinsi diski za mfumo wa aina hiyo zinavyopangwa, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa wodini.

Diski zilezile kwa seva zote

Katika mfumo huu, data hukaa kwenye diski za pamoja zilizo nje ya seva. Kila seva sharti izione diski zote, kwa utambulisho usiobadilika hata ikiwashwa upya, na kwa ruhusa zilezile za kusoma na kuandika. Aidha, kuwe na njia mbili za kuzifikia, kila moja na waya na swichi yake.

Mafungu matatu

Diski hugawanywa kwa kazi. Fungu la kwanza hubeba data zenyewe. La pili hutunza orodha ya mabadiliko na nyenzo za kurejesha data baada ya hitilafu. La tatu, lililo dogo, ni la diski za kura. Diski za fungu moja ziwe na ukubwa na kasi sawa, kwani diski moja ya polepole huchelewesha nyingine zote. Fungu la kwanza na la pili yasikae kwenye diski zilezile, ili ajali moja isimwondoe mgonjwa pamoja na dawa yake.

Kura na akidi

Hatari kubwa ni mawasiliano baina ya seva kukatika, kila moja ikadhani nyingine imekufa. Zikiachwa ziandike bila kuonana, data huharibika. Ni sawa na wauguzi wawili kumpa mgonjwa mmoja dozi ileile, kila mmoja akiamini kuwa yuko zamu peke yake. Diski za kura huzuia hali hiyo: kupitia kwazo huamuliwa upande mmoja tu unaobaki kazini. Seva isiyofikia zaidi ya nusu ya diski hizo huondolewa. Ndiyo maana idadi yake huwa witiri, yaani 3 au 5. Ukiwa na 3, ukapoteza moja, akidi ipo. Ukiwa na 2, ukapoteza moja, hubaki nusu tu, na nusu si akidi.

Nakala pacha si nakala rudufu

Mfumo waweza kuandika kila data mara 2 au 3 katika diski tofauti. Hilo hukinga dhidi ya kufa kwa diski, si dhidi ya kosa la binadamu. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, amri moja iliyokosewa ilifuta majibu ya maabara ya wiki nzima. Diski zilikuwa nzima. Nakala pacha nazo zilifutwa papo hapo. Hapakuwa na nakala rudufu mahali pengine. Tukawaita wagonjwa, tukawatoa damu upya. Mama mmoja mjamzito aliniuliza, "Kwani daktari, si mliandika?" Sikuwa na jibu.

La kufanya

Mhudumu wa afya, waulize mafundi wenu: nakala rudufu iko wapi nje ya diski hizi, na ni lini mara ya mwisho mlijaribu kuirejesha? Fomu za karatasi nazo ziwe tayari wodini. Nawe mgonjwa, tunza kadi yako, na ukumbuke dawa zinazokudhuru. Mashine njema husaidia kumbukumbu. Haiondoi wajibu wa kukumbuka.