Saa ya Mkono: Nunueni Itakayofanya Kazi

Leo somo letu ni saa ya mkono. Msicheke. Katika kutembelea vikundi tumeona pesa za wanachama zikienda kwa saa ambayo haikumaliza hata msimu mmoja wa mahindi. Tumeona pia saa ya plastiki, ya bei ndogo, ikifanya kazi kubwa siku ambayo simu zote za nyumba zilikuwa zimezima.

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na wahudumu wawili wa afya ya kijiji. Wa kwanza alinunuliwa saa kutoka mfuko wa kikundi: rangi ya dhahabu, mkanda wa chuma, na vijiwe vinavyong'aa mahali pa nambari. Ilikuwa zawadi ya heshima na kwa kweli ilipendeza. Wa pili alivaa saa nyeusi ya plastiki aliyoachiwa na mwanawe baada ya kumaliza shule. Usiku mmoja wakaitwa wote wawili kwa mtoto wa miezi 9 aliyekuwa akikohoa. Yule wa kwanza akatazama saa yake, kumbe haina mshale wa sekunde! Dakika inaanza wapi na kuishia wapi? Akakisia, akapata pumzi 44. Mwenzake akahesabu kwa ile ya plastiki, sekunde zikipita moja moja mbele ya macho yake, akapata 56. Mtoto alipelekwa kituo cha afya usiku huo huo, akatibiwa. Wangeifuata hesabu ya kwanza wangengoja mpaka asubuhi.

Basi tukubaliane jambo hili kabla ya kwenda sokoni: tuulize kwanza saa itafanya kazi gani, ndipo tutazame sura yake.

Kazi zenyewe ni zipi?

Kuhesabu pumzi ni moja. Kwa wale ambao hawajafundishwa, mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Inua nguo, tazama tumbo au kifua kikipanda na kushuka, uhesabu kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi, mpeleke hospitali. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 ni 40 au zaidi. Na kama kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au hawezi kunywa, msingoje hesabu yoyote, nendeni mara moja.

Kazi nyingine ni dawa, na hapa lugha yetu wenyewe hututega. Dawa ya malaria ambayo wengi wetu huiita AL humezwa mara 6 kwa siku 3. Ya pili humezwa baada ya masaa 8 tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Sasa mama anaambiwa, "Umpe ya pili baada ya saa nane." Amempa mtoto ya kwanza saa nne asubuhi. Yeye anasikia "saa nane", na ikifika saa nane mchana anampa. Hayo ni masaa manne tu! Ilitakiwa saa kumi na mbili jioni. Walimu wa lugha watatusamehe, lakini sisi tunawaomba wahudumu waseme "masaa manane", kisha wamwonyeshe mama kwenye saa yenyewe mshale utakuwa wapi wakati wa kumpa dawa. Hakuna atakayekosea tena.

Kuna pia kupeleka maziwa kabla gari halijaondoka, kungoja nusu saa baada ya kutia dawa ya klorini katika maji ya kunywa, na kuanza mkutano kwa wakati. Hilo la mikutano tutaliacha, maana hata sisi wa ofisini hatuna mdomo.

Mishale au nambari?

Mnajua kwamba sisi tunaposema saa moja asubuhi, mshale mfupi uko kwenye 7. Mtu aliyezoea saa ya mishale hasumbuki: anatazama upande wa pili wa uso wa saa na kupata saa yake ya Kiswahili. Moja iko mbele ya saba, mbili mbele ya nane. Lakini saa ya nambari ikiandika 19:00, mzee wetu atoe 12 abaki na 7, kisha atoe 6 abaki na 1. Ni hesabu mbili kabla ya kujua kwamba ni saa moja usiku. Saa nyingi za nambari zinaweza kugeuzwa zihesabu 12 badala ya 24, basi mwambieni muuzaji azigeuze hapo hapo.

Kwa maoni yetu, mweka hazina na wazee wapate saa ya mishale, yenye nambari zote 12 zilizoandikwa wazi na mshale wa sekunde. Mhudumu wa afya apate ya nambari, kwa sababu huwa na kipima-dakika: abonyeze, ahesabu, abonyeze tena.

Katika hizo za nambari, inayojulikana sana ni Casio F-91W, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1989 na bado inauzwa. Ina gramu 21 tu. Betri yake ni CR2016, na watengenezaji wanasema hudumu kama miaka 7. Wanasema pia inaweza kupoteza au kuzidisha sekunde 30 kwa mwezi, yaani dakika 6 kwa mwaka kama hakuna anayeirekebisha. Hatuitangazi biashara ya mtu. Tunaitaja kwa sababu ndiyo inayoigwa zaidi, na feki zake zimejaa sokoni. Jaribuni hivi: shikilieni kile kitufe kimoja cha upande wa kulia kwa sekunde tatu hivi. Ya kweli huandika jina CASIo. Isipoandika, mmeshikishwa feki. Ikiandika, bado tazameni maandishi ya mgongoni kama yamechongwa vizuri, maana waigaji nao wanajifunza. Feki si lazima ife kesho, lakini msiilipie bei ya ile halisi.

Zote hizi, za mishale na za nambari, zikiwa za betri hufanya kazi kwa njia moja. Ndani mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi ambacho umeme wa betri hukitikisa mara 32,768 kwa sekunde moja, na mitambo huhesabu mitikisiko hiyo. Kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya namna hii, Desemba 1969, bei yake ilikaribia bei ya gari. Leo teknolojia hiyo hiyo iko katika saa ya kibandani. Ndiyo maana saa ya bei ghali haiwezi kukuambia wakati kwa usahihi kuliko ya bei nafuu kwa kiasi cha kujali. Pesa ya ziada inakwenda kwenye chuma, kioo na jina.

Maji

Hapa ndipo saa nyingi hufia. Mgongoni pameandikwa kwa Kiingereza WATER RESISTANT, na mtu anadhani anaweza kuingia nayo mtoni. Maneno hayo peke yake, au yakifuatwa na 30M, maana yake ni kwamba saa itavumilia mvua na kunawa mikono. Hizo mita 30 ni nguvu ya maji iliyopimwa katika chumba cha majaribio, si kina cha kisima. Anayefua na kuchota maji kila siku atafute iliyoandikwa 50M, na anayevua samaki au kuogelea atafute 100M. Isiyoandikwa kitu, ivueni hata kwa kuosha vyombo. Msibonyeze vitufe saa ikiwa majini, maana hapo ndipo maji hupenyea.

Mkiona ukungu chini ya kioo, msiipike juani wala karibu na jiko kama tulivyoona watu wakifanya. Ipelekeni kwa fundi aifungue, aikaushe.

Betri

Kabla ya kulipa, ulizeni swali moja: betri ya saa hii inapatikana katika soko letu? Kama fundi wa karibu hana, saa hiyo si yenu. Saa nyingi za mishale hutumia ile ndogo iliyoandikwa 377 au SR626SW. Kuna nyingine inayolingana nayo kwa ukubwa, iitwayo AG4 au LR626. Hii ni rahisi, lakini nguvu yake hupungua upesi na mara nyingi huvuja. Kama tofauti ya bei ni ndogo, lipeni ile ya 377. Saa ikisimama, betri iliyokufa itolewe wiki hiyo hiyo. Ikiachwa miezi droweni itavuja, ile dawa yake ile mitambo, na fundi atawaambia ununuzi mpya ni rahisi kuliko matengenezo.

Baadhi ya saa za mishale hutoa onyo: mshale wa sekunde unaanza kuruka sekunde mbili au zaidi kwa mara moja. Za nambari hufifia. Mkiona hivyo msingoje.

Na tafadhali, akina mama na akina baba, betri kuukuu zisitupwe uwanjani mtoto anapochezea. Mtoto akimeza betri ya duara, hasa hizi pana za milimita 20 kama CR2016, inaweza kuunguza koo lake kwa ndani katika masaa mawili. Msimtapishe. Mkimbizeni hospitali, mkaseme wazi kwamba amemeza betri.

Kuivaa

Mkono usiofanyia kazi nzito ndio wa saa, kwa hiyo wengi wetu huvaa kushoto. Mkanda uwe na nafasi ya kidole kimoja. Ukibana sana jasho linakaa chini yake na ngozi inawasha. Ngozi ikitoka vipele mahali pa chuma tu, huenda mwili wako haupatani na madini ya nikeli, basi badilisha uvae mkanda wa plastiki au wa kitambaa. Vua saa unaponyunyizia dawa mimea au kuosha ng'ombe kwa dawa ya kupe, maana dawa huingia chini ya mkanda na kukaa ikigusa ngozi. Vua pia karibu na mashine ya kusaga au ya kukata majani. Mkanda wa chuma ukinaswa, ni mkono unaokwenda.

Mkanda ukikatika si mwisho wa saa. Tazameni kabla ya kununua kama umeshikwa kwa pini za kawaida ambazo fundi anaweza kuzitoa, maana kuna saa ambazo mkanda wake hautoki kwa mwingine yeyote, na mkanda ukifa saa inageuka ya mfukoni.

Saa ikiwa ya kikundi, iandikwe katika kitabu cha mali pamoja na tarehe ya kununuliwa, tarehe ya kila betri, na jina la anayeishika. Mhudumu akistaafu au akihama, airudishe. Tumeona ugomvi wa saa ya shilingi mia chache ukivunja urafiki wa miaka mingi, kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Zoezi la mkutano ujao: kila mwanachama aje na saa aliyonayo nyumbani, hata iliyosimama. Washeni redio kabla ya taarifa ya habari na mrekebishe zote kwa pamoja. Mmoja ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika nzima, mwingine ahesabu za huyo huyo kwa saa tofauti, kisha mlinganishe. Saa zilizosimama zitengwe kando, katibu aandike kila moja inahitaji betri gani, na mtu mmoja azipeleke kwa fundi siku ya soko. Pengine kikundi hakihitaji kununua saa yoyote.