Kunyoosha viungo kabla ya kushika jembe: hapa nilifundisha vibaya

Najua mmezoea kunikuta hapa na viwavijeshi au mbolea ya kukuzia, lakini leo tuongelee kifaa ambacho hakiuzwi duka la pembejeo: mwili wako.

Msimu uliopita, siku ya kupakia mahindi ya shamba darasa, niliwaambia wanakikundi wainame, washike vidole vya miguu na watulie hivyo dakika mbili nzima. Nilikariri hivyo tangu shuleni. Baada ya gunia la tatu mzee mmoja akaniita pembeni: "Bwana shamba, mazoezi yako haya mbona yamenilegeza miguu kama mlenda?" Nikacheka, nikamwambia ni umri. Gunia lililofuata likamponyoka, nusura limwangukie kijana aliyekuwa chini yake.

Siwezi kuapa kwamba ni kule kuinama ndiko kulikoleta. Ila niliona aibu, nikaenda kusoma, na niliyoyakuta yako upande wa mzee.

Ukiuvuta msuli na kuushikilia bila kusogea zaidi ya sekunde 60, nguvu yake hupungua kwa muda, kwa wastani kama asilimia 4 au 5. Ukishikilia chini ya hapo upungufu ni mdogo sana, asilimia 1 hivi, mtu wa kawaida hata hauoni. Sababu ziko mbili kubwa. Mishipa ya fahamu hutuma amri hafifu kwa msuli uliovutwa sana, halafu msuli wenyewe na kano zake hulegea kidogo. Fikiria kamba ya mbuzi: ikiwa imelegea, mbuzi anapiga hatua mbili kabla kigingi hakijahisi kitu.

Je, viungo vinalainika? Ndiyo, papo hapo unainama zaidi, lakini ulaini huo wa asubuhi ni wa dakika tu, hauwezi kukufikisha mchana. Ukitaka unaodumu, nyoosha karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Na hapo nilishangaa: sehemu kubwa ya mabadiliko si msuli kurefuka, ni mwili kuzoea kuvutwa na kuacha kulalamika mapema. Kazi hiyo ifanye jioni, ukishaoga, siyo kabla ya gunia.

Yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu baada ya kuanza kulima, kunyoosha hakuyazuii, iwe kabla au baada ya kazi. Tofauti iliyoonekana kwenye tafiti ni ndogo mno. Yanatokana na msuli kufanya kazi ulioisahau, kwa hiyo siku ya kwanza lima saa mbili tatu urudi nyumbani, kesho ongeza.

Sasa asubuhi tufanye nini? Tupashe mwili moto kwa kutembea. Anayetembea haraka dakika kumi kwenda shamba kashamaliza nusu ya kazi. Anayeshuka kwenye bodaboda ndiye anayefika na misuli ya baridi. Kisha zungusha mikono, rusha mguu mbele na nyuma, chuchumaa na kuinuka mara kumi, geuza kiuno huku na huku. Usitulie popote. Misuli ikipata joto hujikunja haraka na kwa nguvu zaidi. Halafu anza na udongo laini, sehemu ngumu iache kwanza. Kwa mizigo, anza na debe kabla ya gunia. Lumbesa sizungumzii hapa. Gunia lile halina mazoezi yake, lipunguzeni.

Mzee yule nilimfuata kwake nikamwomba radhi. Kanijibu kwamba msimu huu yeye atasimamia dakika mbili, mimi nibebe. Tunapakia Jumamosi, saa 1 asubuhi. Njooni kwa miguu.