Pua Inapanda Ovyo? Vidokezo 7 vya Kukiweka Sawa Kitovu cha Uzito cha Ndege Yako ya Kompyuta

Umeunda mabawa, umepaka rangi, injini inanguruma vizuri. Unaipaisha ndege, na pua inakimbilia mawinguni bila kukuuliza! Usikate tamaa. Mara nyingi dawa ni kurekebisha namba chache tu za kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa ndege husawazika. Tutumie Cessna 172S, maana kitabu chake cha rubani kinazitaja wazi.

1. Ijue sifuri yako
Umbali wote kwenye Cessna hii hupimwa kwa inchi, kuanzia uso wa mbele wa ukuta wa moto ulio nyuma ya injini. Programu za kuigiza urukaji nazo zina mila zao. Kwenye JSBSim, mfumo wa hesabu unaoendesha ndege nyingi za programu ya FlightGear, X (umbali wa mbele na nyuma) huongezeka kuelekea mkiani. Kwenye YASim, mfumo mwingine wa FlightGear, huongezeka kuelekea puani, tena kwa mita. Microsoft Flight Simulator nayo huhesabu mbele kuwa chanya, kwa futi. Andika kikaratasi, “mkia ni chanya” au “pua ni chanya”, ukibandike pembeni mwa skrini. Alama moja ya kutoa ikikuponyoka, abiria wa nyuma wanajikuta wamekaa mbele ya injini.

2. Tupu iwe tupu kweli
Uzito na kitovu unachoandika kwenye emptywt na CG za JSBSim ni vya ndege isiyo na watu wala mafuta. Watu waweke kwenye pointmass, mafuta kwenye matangi yake, kila kimoja na mahali pake. Programu itajumlisha yenyewe wakati wote wa safari. Ukianza na kitovu cha ndege iliyopakiwa, abiria wako watahesabiwa mara mbili.

3. Karatasi kwanza, anga baadaye
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na kinataka kikokotoo cha simu tu. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha majibu, kisha gawa kwa uzito wote.

Tuseme ndege tupu ina ratili 1,650 kwenye inchi 39.5. Watu wawili wa mbele, ratili 340 kwenye inchi 37. Galoni 53 za mafuta, ratili 318 kwenye inchi 48. Jumla ni ratili 2,308, na kitovu kinaangukia inchi 40.3. Sasa ongeza watoto wawili nyuma, ratili 200 kwenye inchi 73: kitovu kinarudi nyuma hadi 42.9. Umeona watoto wanavyoisogeza ndege?

Mpaka wa nyuma wa 172S ni inchi 47.3. Wa mbele ni inchi 35 hadi ratili 1,950, halafu unasogea taratibu mpaka inchi 41 kwenye ratili 2,550. Tuko salama. Fungua FlightGear, tafuta thamani ya inertia/cg-x-in ndege ikiwa imeegeshwa, uilinganishe na karatasi yako. Hazifanani? Rudi kwenye faili kabla hujawasha injini.

4. Kuna juu na pembeni pia
Z ya kitovu, yaani kimo chake, ikiwa juu mno, ndege itaegama vibaya ikikata kona ardhini. Na hakikisha tangi la kushoto liko kushoto!

5. Jaza mizigo nyuma, kisha achia usukani
Umewahi kuendesha baiskeli yenye gunia la mkaa nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi? Ndivyo ilivyo ndege yenye kitovu cha nyuma: usukani laini, pua haitulii. Ruka sawasawa, vuta kidogo, achia. Kitovu kikiwa ndani ya mipaka, pua itarudi yenyewe. Kisha pakia mbele tu: utavuta kwa nguvu zaidi kuinua pua wakati wa kupaa na kutua. Kama hali zote mbili zinafanana mkononi, mizigo yako haijaunganishwa na hesabu. Kwa sababu mizigo huibadilisha ndege hivi, kwenye ndege ndogo aina ya Caravan za Zanzibar au Serengeti wanataka kujua uzito wako na wa begi lako.

6. Usitibu kila ugonjwa kwa kitovu
Pua inapanda ukiongeza nguvu ya injini tu? Kagua mstari wa msukumo wa injini. Inapanda ukishusha flapu? Kagua namba za flapu. Kitovu kiache pale kitabu kilipokiweka, hata kama kukisogeza kunaonekana njia ya mkato.

7. Ukiiweza Cessna, ijaribu Concorde
Concorde, ile ndege ya abiria, ilipovuka kasi ya sauti, unyanyuo wa mabawa ulirudi nyuma, kwa hiyo mafuta yalihamishiwa kwenye tangi la mkiani ili kitovu kiufuate. Mwendo ulipopungua, yalirudishwa mbele. Tengeneza matangi mawili, moja puani na moja mkiani, hamisha mafuta kidogo kidogo, na iangalie cg-x-in ikitembea mbele ya macho yako.